Sadaka ya Sauti ya Bi Sichana

Nassra Mjaka yupo pale pale tulipomwacha Ijumaa iliyopita, mlangoni kwa kinyozi wa Kikwajuni, mkono mmoja umeshika pazia. Ndani, kutoka kwenye simu ya mtu anayenyolewa, mama yake mzazi anasema, "Kitendawili."

Mama yake waliyemzika Tumbatu kabla ya mfungo.

Usiogope, msomaji, hakuna jini hapa. Laiti angekuwa jini, tungemfukizia ubani akaenda zake. Sauti ile ilikuwa ya mchezo wa simu uitwao Nyumba ya Vitendawili. Nassra aliutengeneza mwenyewe pamoja na mchumba wake Talal, na mama yake, Bi Sichana, akautia sauti akiwa kitandani, mgonjwa, miezi yake ya mwisho. Balaa ni kwamba mchezo ulikuwa haujatoka. Ulikuwa utoke wiki ijayo, tena katika duka moja tu la mtandaoni, Markabu, na asiwepo kiumbe mwengine wa kuuonja kabla ya siku hiyo. Hayo ndiyo Nassra aliyoyatilia saini.

Na huyu hapa mtu, povu la sabuni shavuni, anaucheza.

"Kaka, samahani. Huo mchezo umeupata wapi?"

Yule mtu, Ubwa jina lake, dereva wa kupeleka watalii Kendwa, aligeuza jicho bila ya kugeuza kichwa, maana wembe ulikuwa kooni.

"Nimerushiwa."

"Na nani?"

"Grupu letu la Watumbatu. Sote tunao. Mke wangu anao, mama mkwe anao, jana nimeufikisha mpaka Bwejuu kwa shemeji yangu." Akabonyeza. Sauti ikamwambia kashindwa, atoe mji. "Nakupa Mkokotoni," Ubwa akaijibu simu, kama tulivyokuwa tukiwajibu bibi zetu tukishindwa. Kisha akamwambia Nassra, "Unataka nikurushie? Ni bure. Sadaka."

"Sadaka ya nani?"

"Ya marehemu huyu anayesema. Mumewe ndiye aliyeitoa. Kasema kila atakayecheza amwombee dua. Mimi kila nikishindwa namwombea, na nnashindwa sana, kwa hiyo bibi wa watu kafaidi."

Kinyozi akacheka. Nassra alimwomba Ubwa amwoneshe aliyeuleta mchezo kwenye grupu, na Ubwa, kwa wema wake, akamwonesha. Picha ya mtumaji ilikuwa ya mzee mwenye kofia ya viua, anatabasamu upande mmoja. Nassra aliijua. Aliipiga yeye mwenyewe, siku ya Iddi.

Tangu uvumi wa kuvuja uanze, wiki nzima alikuwa akishuku watu. Alimshuku Suud, mjumbe wa duka la Tiara, mahasimu wakubwa wa Markabu. Alimshuku fundi wa kompyuta. Alifika hadi ya kumshuku Bi Bahiya, msimamizi wa Markabu mwenyewe. Baba yake hakumpitia akilini hata mara moja.

Simu yake ikalia. Alikuwa Bi Bahiya.

"Nnakusubiri Shangani. Njoo na Talal."

"Bi Bahiya, nakuomba kwanza nipite nyumbani nikamwone baba."



"Kwa hiyo unamjua aliyefanya," alisema Bi Bahiya, akakata.

*

Mzee Mjaka alikuwa ametandika mkeka sebuleni, katika yale maghorofa ya Kikwajuni, anasubiri adhana ya alasiri. Tangu mkewe afe alikuwa akikaa na binti yake mjini, na mji ulikuwa haujamzoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Baba, mchezo wa mama umewapa watu?"

Uso wa mzee ulikunjuka. Maskini, alikuwa akingojea siku nyingi aulizwe.

"Nimewapa. Mama yako hakuacha kisima, hakujenga msikiti. Kaacha mtoto mmoja na sauti. Nikasema, hii sauti ndiyo sadaka jariya yake, ile isiyokatika. Watoto wakichekea vitendawili vyake hapa, yeye kule anaandikiwa. Nimekosea?"

"Nani aliyekupa shauri hilo?"

"Yule kijana aliyekuja kwenye khitma ya arubaini. Mtoto wa watu, ana adabu zake, alinibusu mkono. Suud."

Nassra alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Ndiyo, msomaji. Suud alimvisha mzee kilemba cha ukoka, na mzee akatoka nacho barabarani. Alimwambia, taratibu, huku wenziwe wanasoma juzuu, kwamba chenye manufaa alichokiacha maiti hakifungiwi kabatini. Akamwambia binti yako anataka kuifungia sauti ya mama yake kwa tajiri mmoja, wana wa Tumbatu wasiisikie. Akamwonesha na namna ya kuuchomoa mchezo kwenye simu na kuurusha kwenye grupu.

Na kwenye simu ya mzee nani aliyeutia? Nassra mwenyewe, kinyume na masharti, ili baba yake apate kumsikia mkewe pindi akikosa usingizi. Asingemtilia, pasingekuwa na cha kurushwa. Hilo alilijua, na lilimchoma.

"Baba, Suud ni mtu wa duka jengine. Tiara na Markabu wanaoneana jicho baya. Mchezo ukiwa Markabu peke yake, wachezaji watahamia Markabu. Ukizagaa mitaani, Markabu hawana la kujivunia. Ndicho alichokitaka Suud. Si thawabu za mama."

Mzee aliivua kofia yake.

"Sasa sauti ya mama yako imekuwa ya kugombaniwa na maduka?"

Nassra aliinuka. Alimbusu kichwani akatoka.

*

Talal alikuwa anamsubiri chini ya ngazi za ofisi ya Markabu, kule Shangani. Kijana wa Mkunazini, mrefu, mpole, mikono haitulii. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa sauti. Kule Tumbatu alitundika mablanketi madirishani kuzuia upepo na majogoo, akakaa na Bi Sichana kutwa nzima, anarikodi, anazima, anampa maji, anarikodi tena. Bi Sichana alimpenda, akawa anamwita mkwe kabla hata posa haijajibiwa. Rikodi zile kamili, pamoja na kukohoa kwake na hadithi zake na dua zake, zilikuwa kwa Talal. Nassra hakuwa na moyo wa kuzisikiliza.

"Ni nani?" aliuliza Talal.

"Baba. Katiwa maneno na Suud."

Talal alifuta viganja kwenye suruali. Kisha akasema, "Twende juu."

Siku zote Bi Bahiya huwakaribisha watu kwa kahawa na kashata. Siku hiyo meza ilikuwa tupu. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha juu ya mtandio, na hakuwa na tabia ya kupaza sauti.

"Tulikubaliana nini, Nassra?"

"Kwenu peke yenu."

"Peke yetu, mwaka mzima. Watu hawaingii Markabu kwa kuwa wanatupenda, mwanangu. Wanaingia kwa sababu wanachokitaka wakenda Tiara hawakipati. Tiara nao wana yao ambayo sisi hatuna, ndivyo tunavyoishi. Sasa chako wewe kipo mpaka Bwejuu, na bure. Mimi niwaite watu waje kutazama nini?"

"Baba yangu hakujua. Suud kamhadaa autoe sadaka."

"Kikulacho ki nguoni mwako." Bi Bahiya aliishusha miwani. "Unalijua sharti. Mchezo ukivuja kabla ya siku yake, unakuwa wa Markabu moja kwa moja. Na lile ulilolidai wewe, kwamba sauti ya mama yako isiguswe, linakufa hapo hapo."

"Mtaifanya nini sauti?"

"Wakubwa hawakuipenda tangu mwanzo. Wanasema bibi ana lafudhi ya shamba. Watatia msichana mwengine."

"Watamfuta mama."

"Watamfuta," alisema Bi Bahiya, na mtu angeona kuwa hakufurahi kulisema.

Nassra hakulia. Aliuma mdomo mpaka akasikia ladha ya damu. Kazi ile aliifanya kwa jambo moja tu, mama yake asiishie kaburini. Sasa kwa mkono wa baba yake mwenyewe, na kwa mapenzi, mama anafutwa mara ya pili.

"Mlango upo mmoja," Bi Bahiya aliendelea. "Baba yako aje hapa kabla ya magharibi. Aseme mbele ya wakili wetu kwamba Suud ndiye aliyemhadaa, na kwamba ile sadaka anaifuta. Hapo tutashikana mashati na Tiara wenyewe, na wewe tutakuachia mama yako kama alivyo."

"Mzee asiletwe," alidakia Talal. "Ana presha. Halafu Suud akibanwa atasema mengi."

Bi Bahiya alimgeukia. "Mengi yepi?"

"Nasema tu. Atamwaibisha mzee wa watu."

Nassra alimshika mkono chini ya meza. Aliona huruma ile kwa baba yake, akazidi kumpenda.

*

Walirudi Kikwajuni kwa Vespa ya Talal. Walivua viatu mlangoni, wakaingia. Mzee Mjaka aliwasikiliza mpaka mwisho bila ya kuwakatiza, kisha akatikisa kichwa.

"Sadaka hairudishwi."

"Baba, ni maneno mawili tu."

"Ndiyo hayo mawili siyawezi. Mwenye kutoa sadaka kisha akairudia ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Hili si langu, ni la Mtume. Nende mbele ya wakili niseme nilichomtolea mke wangu nnakitaka tena?"

"Watamfuta."

"Hawawezi. Yuko kwa watu."

"Kwa watu hatadumu. Mchezo usiotunzwa hufa, baba. Simu zikibadilishwa utakataa kufunguka, na hakutakuwa na mtu wa kuutengeneza. Mwaka mmoja, miwili, basi."

Mzee alivuta tasbihi yake. Punje zilipita vidoleni moja moja.

"Bora afe kwenye simu," alisema, "kuliko mimi kumpokonya thawabu zake kaburini."

Hapo Nassra alimpandishia baba yake sauti, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azaliwe. "Mtu humjui, kakubusu mkono, ukampa mke wako."

Mzee aliinamisha kichwa.  Nassra alijuta kabla maneno hayajamaliza kutoka, alitamani ayameze. Talal alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, anachezea funguo za Vespa, macho chini.

Hapo simu ya mzee ikalia. Ujumbe wa grupu. Ubwa alikuwa ameandika: Mzee wetu, kumbe mchezo wa marehemu umetoka mpya, tena mzuri zaidi. Mungu amzidishie. Na chini yake njia ya kuufungulia.

"Mpya?" alisema Nassra. "Mpya wa nani?"

Mzee alishabonyeza. Kioo kikajaa rangi, na katikati ya rangi likatokea jina la Tiara. Chini likaja tangazo. Nyumba ya Vitendawili, sasa ndani ya Tiara, kwa kila mtu, kwani mwenyewe ameshautoa sadaka.

Nassra alilisoma mara mbili. Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa likitafutwa tangu siku ya khitma. Mchezo ukishaitwa sadaka, Tiara wanauokota mchana kweupe na hakuna wa kuwaita wezi.

"Karibu," ilisema sauti ya Bi Sichana kutoka kwenye simu. "Nambie jina lako, nikuite."

Nassra aliganda. Maneno yote ya mchezo aliyaandika yeye, aliyajua kama Alhamdu. "Nambie jina lako" hayakuwemo. Mama yake alimwita kila mchezaji "mwanangu", basi.

Mzee Mjaka hakuwa na habari hiyo. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

Simu ikakohoa. Kikohozi kidogo, cha kusafisha koo.

"Mjaka," ikaita. "Mjaka wangu."

"Naam," mzee akaitika.

Aliitika kabla ya kufikiri, kama alivyokuwa akiitika kutoka uani umri wake wote. Kisha akaitazama simu. Aliiweka simu juu ya mkeka, akajisogeza nyuma.

"Huyu si mama yako."

"Ni sauti yake khasa, mzee," alisema Talal kutoka kwenye kiti. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu waingie.

"Sauti ni yake. Mtu siye." Mzee alimtazama binti yake, na macho yalikuwa yameshajaa. "Mama yako hajapata kunitaja jina. Mke wa kwetu hamtaji mumewe. Tulipooana aliniita 'Sikia'. Ulipozaliwa wewe akaniita Baba Nassra, na kwa jina hilo ndivyo alivyonita siku anakata roho. Leo aseme Mjaka? Nani huyu aliyeuvaa ulimi wa mke wangu?"

Nassra alipiga magoti mbele yake. "Wamemtengeneza, baba. Iko mitambo siku hizi. Ukiilisha sauti ya mtu ikashiba, inamsemesha chochote. Kesho watamsemesha matangazo. Watamsemesha matusi wakitaka."

"Na watu watadhani ni yeye."

"Watadhani ni yeye. Watamwombea dua huku wanamsikiliza mwengine."

Mzee Mjaka alifuta uso kwa mikono miwili. Akainuka, goti likalia.

"Nipe kanzu yangu. Nipeleke kwa huyo Bi Bahiya. Sadaka niliyoitoa ni ya mke wangu. Ya huyu sikuitoa, na Mungu anajua."

Nassra alikimbilia chumbani kuitoa kanzu. Moyo ulimpanda, mara ya kwanza siku hiyo. Magharibi bado. Baba kakubali. Wakili akimsikia mzee huyu, na Tiara wakibanwa, mama atabaki kama alivyokuwa.

Alimvisha kanzu mkono wa kulia. Alipofika wa kushoto akasimama.

Kikohozi.

Ndani ya mchezo hamna kikohozi. Talal alivikata vyote, kimoja kimoja, kwa sababu Nassra alimwomba. Hakutaka ulimwengu umsikie mama yake akiumwa. Mchezo waliourusha Watumbatu ulikuwa safi. Na mtambo wa kuigiza sauti haushibi kwa vitendawili vichache. Unataka masaa na masaa ya mtu anasema, anacheka, anavuta pumzi, anakohoa. Masaa hayo yalikuwepo mahali pamoja tu duniani.

Atasema mengi, Talal alisema kule Shangani. Suud akibanwa atasema mengi.

"Talal," aliita bila ya kugeuka. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Rikodi za Tumbatu ziko wapi?"



Aligeuka. Kiti karibu na mlango kilikuwa kitupu, na mlango uko wazi. Nassra alitoka mpaka kwenye kizingiti. Viatu vyake vilikuwepo, na makubadhi ya baba yake yalikuwepo. Viatu vya Talal havikuwepo. Chini barabarani Vespa iliwaka, ikakoroma, ikaondoka upande wa Michenzani.

Na nyuma yake, juu ya mkeka, mchezo ulikuwa unaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuuzima.

"Kitendawili, Mjaka. Huku ng'o, na huko ng'o."

Jibu lake ni giza. Kila mtoto wa Unguja analijua, na mzee alimfundisha Nassra hata hajaanza skuli. Lakini alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja ndani ya kanzu na mwengine nje, na hakuweza kulitamka.

"Umeshindwa," ilisema sauti ya mkewe, kwa upole ule ule wa siku zote. "Nipe mji, Mjaka. Nipe mji."